Nusu ya Kanisa la Talvignac

Kwa miaka kumi na tisa Bi Léontine Bourdeau aliwasimulia wageni jinsi bahari ilivyoimeza nusu ya kanisa la Talvignac, na wengi wao walipotoka nje waliusogelea ukingo wa jabali na kuchungulia chini, kana kwamba maji yangewaonyesha nguzo moja tu kwa heshima ya safari yao ndefu.

Alikuwa hodari wa kusimulia. Hakuwa mwalimu wala mtawa. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka sitini na sita, ambaye ufunguo wa kanisa ulimfikia kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu. Lakini akishasimama katikati ya ukumbi, mgongo kwenye madhabahu na uso kwenye ule ukuta mtupu wa magharibi, hata madereva wa mabasi waliokwisha kumsikia mara kumi walizima sigara zao. Mwaka 1372, alisema, mkesha wa Mtakatifu Martino. Upepo wa kusini-magharibi. Watawa kumi na wanne wako katika sala. Halafu jabali linakatika kama mkate, na nusu ya kanisa, pamoja na lango kuu, nguzo nane na watawa tisa, inashuka baharini. Kengele inalia mara tatu ikiwa ndani ya maji. Hapo alinyamaza, na wageni wakanyamaza, na kwa mbali mawimbi yakaitikia bila hata kuombwa.

Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yao. Upande wa madhabahu kanisa la Mtakatifu Ozanne lilikuwa zuri kupindukia: nusu duara ya mawe meupe yaliyochongwa miaka mia nane iliyopita, imezungukwa na nguzo nyembamba na matao madogo madogo, imesimama juu ya jabali bila woga. Mikono miwili ya msalaba ilikuwa mipana, mnara ulikuwa mnene. Kisha pale waumini walipopaswa kukaa, ukumbi ulikwenda hatua kumi ukakoma. Ilikuwa kama mtu mwenye mabega ya mpagazi aliyepewa miguu ya mtoto. Kila Pasaka nusu ya kijiji ilisali nje, kwenye mvua, ikiilaumu bahari.

Bahari yenyewe haikuwa malaika. Kila majira ya baridi ilimega kipande cha jabali, na ukingo ulikuwa ukisogea. Meya wa kijiji, Aristide Maubert, mfuga nguruwe mwenye sauti nzito na mwandiko mzuri, alikuwa ameiandikia serikali barua kumi na mbili akiomba ukuta wa kuzuia mawimbi. Zote zilianza vilevile: "Bahari iliyokwisha kula nusu ya kanisa letu sasa inaitaka nusu iliyobaki." Ile ya kumi na mbili ndiyo iliyojibiwa. Mtaalamu wa majengo ya kale angekuja mwezi Oktoba, mwaka huo wa 1974.

"Bi Léontine," meya alimwambia siku moja kabla, amesimama mlangoni kwake na viatu vya matope, "kesho usibanie. Watawa, kengele, upepo, mwaga kila kitu."

"Mimi nimebania lini?"

"Wale Wabelgiji wa mwezi wa nane uliwakatia watawa."

"Wabelgiji walikuwa na njaa. Mtu mwenye njaa humpi watawa tisa."

"Huyu hata akiwa na njaa mpe wote. Na ukipata machozi kidogo, mimi sitakulaumu."

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Bénédicte Fauquier, kutoka Poitiers, amevaa viatu virefu vya mpira na kubeba utepe wa kupimia. Alimsikiliza Bi Léontine tangu mwanzo hadi kengele ya tatu, ameinamisha kichwa kwa adabu, na mwisho akamshukuru. Ila hakwenda kuchungulia bahari. Alikwenda kwenye ukuta wa magharibi, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua.

"Huu ukuta ulijengwa lini, mama?"

"Baada ya bahari kula. Kuziba pengo."

"Na mawe ya kuujengea yalitoka wapi?"

Bi Léontine aliutazama ukuta. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Nauliza tu," Bénédicte alisema. "Kwa sababu haya yamechongwa vizuri, na yamebomolewa mahali fulani kwa patasi, taratibu, moja baada ya moja. Hili hapa lina alama. Na hili. Bahari haitumii patasi."

Kesho yake aliomba vibarua wawili na ruhusa ya kuchimba kwenye uwanja wa nyasi uliokuwa kati ya ukuta ule na ukingo wa jabali. Meya alikubali kwa furaha, akidhani wanatafuta mifupa ya watawa, ambayo ingenogesha barua. Aliyelalamika ni Célestin Papineau, jirani wa Bi Léontine, mzee mwembamba mwenye mbuzi sita waliolisha pale. Alikaa juu ya ndoo siku nne nzima akiwatazama vibarua wakiharibu malisho.

"Mnatafuta nini?" aliuliza kila baada ya saa.

"Kanisa," walimjibu.

"Liko nyuma yenu, wajinga nyie."

Siku ya tano Bénédicte alimwita Bi Léontine peke yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Walishuka kwenye handaki kwa ngazi. Chini ya nusu mita ya udongo kulikuwa na misingi ya kuta mbili nene, zikienda magharibi sambamba, na kati yake vitako vya nguzo, vinne huku, vinne kule. Mwisho kabisa palikuwa na jiwe refu, limelala kwa upana, katikati yake limeliwa kama bakuli.

"Hiki ni kizingiti cha lango kuu," Bénédicte alisema. "Kimeliwa na miguu ya watu. Miaka mia nne, mia tano ya miguu."

Bi Léontine aliweka kiatu chake pale penye bonde la jiwe. Kilikaa sawasawa.

"Na kutoka hapa hadi ukingoni?"

"Hatua thelathini na moja. Nimezihesabu mara mbili."

"Labda bahari ilirudi nyuma."

"Bahari ikija kula kanisa kutokea magharibi, inaanza na lango, mama. Lango hili hapa. Tumelikanyaga."

Bi Léontine alipanda ngazi polepole. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa koti hadharani, naye hakujua afanye nini na aliyemvua. Kwa hiyo alimkaribisha chakula cha mchana. Alikuwa na maharage meupe yaliyopikwa na mafuta ya nguruwe tangu asubuhi, na kome walioletwa na shemeji yake. Alipika kome, akaweka sahani mbili, akamimina mvinyo mweupe. Alipogeuka akamkuta mgeni wake amepiga magoti mbele ya meko.

"Bi Léontine. Hawa simba."

"Wana nini?"

Meko ya jikoni ilikuwa imebebwa na mawe mawili makubwa, na kwenye kila jiwe palichongwa simba wawili, miili miwili imeungana kwenye kichwa kimoja cha kucheka.

"Umewakuta humu?"

"Nilipoolewa nilimkuta mama mkwe anaanika soksi juu yao. Nami ninaanika soksi juu yao. Simba wa meko. Kwani wewe kwenu hakuna?"

"Kule kanisani, ukuta wa kaskazini, nguzo ya kwanza, juu kabisa..."

Bi Léontine aliweka kijiko mezani. Wale wa kanisani alikuwa amewaona maelfu ya mara, na hawa wa jikoni mara nyingi zaidi, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba walikuwa ndugu. Wale walikuwa wa Mungu. Hawa walikuwa wa soksi.

Walikula. Kome walikuwa watamu na hakuna aliyewasifu.

"Basi bahari haikula kanisa," Bi Léontine alisema mwishoni.

"Haikula."

"Mume wangu ilimla." Alisema hivyo kwa sauti ileile ambayo angetumia kuomba chumvi. "Firmin. Februari ya mwaka hamsini na nne. Alikwenda baharini kwenye nguzo zake za kufugia kome, mashua ikarudi peke yake. Makaburini kuna jiwe lenye jina lake, na chini ya jiwe hakuna mtu. Mwaka uliofuata wakanipa ufunguo wa kanisa. Nikasikia hiyo habari ya watawa tisa. Nikajisemea, Mungu mwenyewe bahari ilimchukulia nusu ya nyumba na hakusema neno. Mimi ni nani nipige kelele?" Alikusanya maganda ya kome kwenye sahani moja. "Nimekuwa nikiisimulia vizuri kwa sababu hiyo. Watu wanadhani ni kipaji."

Bénédicte alisukuma kiti nyuma. Alinyanyuka akaosha vyombo.

Wiki mbili baadaye alirudi kutoka kwenye nyaraka za mkoa na nakala ya karatasi moja, akaisoma mbele ya watu arobaini katika ofisi ya meya. Iliandikwa mwaka 1603 na karani wa askofu, aliyetumwa kukagua makanisa baada ya vile vita virefu vya Wakatoliki na Waprotestanti. Karani alieleza kwamba Talvignac ilichomwa moto, nyumba zote, na kwamba paa la ukumbi wa kanisa liliungua pia. Nyumba alizikuta zimejengwa upya, za mawe, imara ajabu. Kanisa alilikuta nusu. "Wakazi waliulizwa nusu nyingine iko wapi," Bénédicte alisoma, "wakaelekeza kidole baharini, wote kwa pamoja. Sikuteremka kwenye nyumbu niliyempanda kwa sababu ya matope. Nimeandika: bahari."

Kila mtu alikuwa anaitembelea nyumba yake kichwani, ukuta baada ya ukuta.

"Na mwaka 1372 ulitoka wapi?" Bi Léontine aliuliza.

"Sijui, mama. Pengine mtu aliona wizi wa kabla tu ya mwaka 1603 ni wa juzi mno."

"Hakuna aliyesema wizi," meya alisema.

"Hakuna," Bénédicte alikubali. "Waliunguliwa. Walihitaji kuta. Mimi naandika tu mawe yalikokwenda. Ningependa kupita nyumba kwa nyumba, Jumatatu, kama mtaniruhusu."

Walimruhusu kwa maneno mazuri sana. Jumapili, Padri Anselme alipofika kwa pikipiki yake ndogo kusoma misa ya tatu kati ya nne za siku hiyo, alikuta kanisa lina wanawake watupu.

"Wanaume wamepatwa na nini?"

"Wanapiga lipu, padri," alijibiwa.

"Wote?"

"Wale wenye mawe."

Alipotoka misani Bi Léontine alipita katika kijiji kinachong'aa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba kila nyumba yenye jiwe la kanisa itaandikwa kwenye daftari la serikali, na mwenyewe hatabadilisha hata bawaba ya dirisha bila kibali. Kwa hiyo malaika, samaki, na mwanamume anayejivuta ndevu, waliokaa miaka mia nne kwenye kuta za Talvignac wakitazama wapita njia, walikuwa wanazama kwenye chokaa nyeupe mmoja mmoja. Meya alikuwa na kazi kubwa kuliko wote. Banda lake la nguruwe lilikuwa na Mtakatifu Petro mzima, funguo mkononi, amebeba hori la kulishia. Na nguruwe, waliozoea kujikunia kwenye magoti ya mtume, hawakupenda lipu mbichi.

Alasiri meya alikuja kwa Bi Léontine na karatasi, mikono bado myeupe.

"Tia sahihi hapa. Inasema simba wako walinunuliwa na babu yake Firmin kwenye mnada huko Saintes."

"Babu yake Firmin hakuwahi kufika Saintes. Alikuwa anaogopa treni."

"Bi Léontine, nisikilize. Nimeandika barua kumi na mbili kwamba bahari ni mla makanisa. Sasa wakisikia bahari haijala kitu, wanatupa ukuta wa nini? Ukuta wa kutuzuia sisi?"

"Si wazo baya."

"Mimi sicheki."

"Hata mimi. Aristide, nimeisingizia bahari miaka kumi na tisa. Inatosha. Ina mambo yake ya kujibu, na hili si mojawapo."

Meya alisema atakuja kumlaumu siku kanisa litakaposhuka kweli. Yeye akamjibu aje tu, lakini avue viatu.

Jumatatu Bénédicte alipita nyumba kwa nyumba na kukuta lipu bado ina maji. Alikuwa mpole, aliandika kila mahali "ukuta mpya" na tarehe. Halafu akaondoka kwenda kuandika ripoti, na Bi Léontine akabaki na majira ya baridi.

Yalikuwa marefu. Kanisa lilifungwa kwa wageni hadi Pasaka kama kawaida, naye alishukuru, maana hakuwa na la kusema ndani yake. Akishona alijikuta midomo inacheza: watawa kumi na wanne, upepo wa kusini-magharibi. Alijizuia kama mlevi aliyeacha. Kijijini hawakumnunia waziwazi, ila mwokaji mikate alianza kumpa mikate iliyoungua kidogo, na Célestin pekee ndiye aliyeendelea kumsalimia kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa nyumba yake yeye ilijengwa na babu yake kwa matofali na haikuwa na jiwe hata moja la kuficha.

"Mimi nalala usingizi," alimwambia kutoka upande wa pili wa ua. "Sisi akina Papineau tulikuja mwaka 1880. Mikono yetu safi."

"Hongera, Célestin."

"Nasema tu."

Wageni wa kwanza wa Pasaka walikuwa walimu wastaafu thelathini kutoka Limoges. Bi Léontine aliwapanga katikati ya ukumbi, mgongo kwenye madhabahu, uso kwenye ukuta. Alianza vibaya. Sauti ilikuwa kavu na hakujua aweke wapi mikono. Aliwaambia kuhusu moto, na watu waliolala chini ya maturubai ya matanga mwaka mzima, na jinsi mtu wa kwanza, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alivyokuja na patasi kwenye ukumbi usio na paa akachukua jiwe moja, pengine kwa ajili ya kizingiti tu. Wa pili alichukua mawili. Hapo alisikia sauti yake inarudi. Alipofika kwenye karani asiyetaka kushuka kwenye nyumbu, mwalimu mmoja mnene aliguna kwa kicheko, kisha wakacheka wote, na kicheko kikazunguka chini ya kuba la mnara mpaka njiwa wakaruka.

"Na hayo mawe yako wapi sasa?" mwalimu aliuliza.

Bi Léontine alifikiri kidogo. "Mengine yako jikoni kwangu," alisema.

Walipanga foleni hadi barabarani. Walipita wanne wanne, wakawatazama simba na soksi. Bibi mmoja aliomba kuwagusa. Wote walisema hawajawahi kuona kanisa la namna hii, ambalo nusu yake inakaliwa na watu. Wiki iliyofuata yalikuja mabasi mawili, na wageni, badala ya kwenda kuchungulia jabali, waliingia vichochoroni wakizitazama kuta za watu kwa macho ya polisi.

"Na hapa kuna nini chini?" walimuuliza mwokaji mikate, wakigonga lipu yake.

"Hakuna kitu," alisema. Kesho yake asubuhi alionekana juu ya ngazi na nyundo ndogo, akimfukua malaika aliyemzika Oktoba.

Baada yake hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Mwezi wa sita ulipokwisha Talvignac yote ilikuwa imevuliwa lipu, kwa taabu kubwa, kwa kuwa walikuwa wameipiga vizuri. Ukoo uliokuwa na samaki ulidai kuuzidi ukoo uliokuwa na ndege wawili. Mkewe meya aliwaambia wageni, bila kuulizwa, kwamba babu wa babu zake alibeba Mtakatifu Petro mgongoni peke yake, na mumewe, aliyemsafishia mtume magoti kwa brashi ya meno, alisimama kando akitikisa kichwa kwa unyenyekevu. Wizi ambao hakuna aliyeutaja Oktoba sasa uligombewa kama kiti cha mbele kanisani.

Mwezi wa tisa jibu la serikali likaja. Meya alilifungua akiwa amesimama, akalisoma, akakaa. Walikuwa wamekubali ukuta. Si kwa ajili ya nusu iliyoliwa, bali kwa sababu ripoti ya Bénédicte Fauquier ilionyesha kwamba misingi ya nusu ile bado imo ardhini, mizima, hatua thelathini na moja kutoka ukingoni, na kwamba bila ukuta bahari ingeweza, kwa mara ya kwanza katika historia, kuanza kula kanisa.

Siku ya kuweka jiwe la kwanza la ukuta, Aristide Maubert alitoa hotuba. Alisema mababu wa Talvignac, kwa kuona mbali, waliyaondoa mawe matakatifu mahali pa hatari wakayahifadhi majumbani mwao. Watu walipiga makofi kwa dhati. Bénédicte alikuwepo, amefikia kwa Bi Léontine, na wakati wa makofi alitazama viatu vyake. Baada ya hotuba Padri Anselme alibariki maji, na Bi Léontine, ambaye hakuwa amesogelea ukingo ule tangu Februari ya mwaka hamsini na nne, alikwenda akasimama pale kwa muda akitazama bahari kama unavyomtazama mtu mliyegombana naye kwa sababu moja ya kweli na moja ya uongo, na ile ya uongo imekwisha ondolewa. Ya kweli ilikuwa bado nzito. Lakini sasa aliiona yote, mwanzo na mwisho wake, na ilikuwa na ukubwa wa mtu mmoja.

Aliyeumizwa na mambo haya yote alikuwa Célestin Papineau. Wageni walipita kwenye nyumba yake ya matofali bila kupunguza mwendo. Mbuzi wake walikuwa wamepoteza malisho kwa ajili ya handaki, na mikono yake safi haikumpatia hata mtu mmoja wa kumpiga picha. Mwanzoni mwa Oktoba, Bi Léontine akipita na kundi la wageni kutoka Rennes, aliona kwamba juu ya mlango wa Célestin, kati ya matofali mekundu, kumechomoza uso wa jiwe jeupe, ulimi nje. Mwenyewe alikuwa ameketi chini yake kwenye ndoo, amevaa shati la Jumapili.

"Huu nao?" mgeni mmoja aliuliza.

Bi Léontine aliutazama. Jiwe lilikuwa jeupe kama jino la mtoto. Vumbi la patasi lilikuwa bado kwenye nyusi za Célestin. Na ule uso, kwa mashavu na kwa kidevu, ulikuwa wa meya.

Célestin alimsogelea, akanong'ona. "Jirani. Usiniaibishe mbele za watu."

"Siwezi kuwadanganya, Célestin. Nimeacha."

"Sema ni wa zamani kidogo tu."

"Zamani ya lini? Alhamisi?"

"Miaka ishirini tumepeana chumvi juu ya huu ua."

Hilo lilikuwa kweli, na Bi Léontine alilipima. Kisha akawageukia wageni.

"Uso huu ni kazi ya fundi wa hapa hapa," alisema, "na ana mkono mzuri. Lakini nyumba itazameni vizuri, kwa sababu hamtaona nyingine kama hii Talvignac. Hii ndiyo nyumba pekee ya watu waaminifu. Hawakuiba kitu chochote, hata kokoto, tangu walipofika."

Wageni walitazama matofali kwa heshima, wakamtazama Célestin kwa heshima, wakasogea mbele kwa haraka kidogo, kwenda kumwona Mtakatifu Petro wa nguruwe. Célestin alibaki chini ya uso wake, amekunja mikono. Hakuzungumza na Bi Léontine mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote, na alipozungumza ilikuwa kumwambia kwamba kuna matusi mengine mtu hayasahau.